Karatasi Iliyokuja na Turubai

Harufu ya turubai jipya inanipandisha hasira mpaka leo. Sisemi turubai la lori lililokwisha kuzoea vumbi na dizeli. Nasema lile jipya kabisa, linalotolewa kwenye mfuko wake likiwa bado na mikunjo ya kiwandani, lenye harufu kali ya plastiki inayokwama kooni. Mwezi uliopita mume wangu alileta moja la kufunikia matofali yetu yasinyeshewe. Akalikunjua uani huku akilisifia, na mimi nikajikuta nimesimama mlangoni na mwiko mkononi, nimefura kana kwamba nimetukanwa. Akaniuliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu, aendelee na matofali yake. Nyinyi nitawaambia, maana nyinyi hamtanijibu kwamba ya zamani niyaache.

Nilizaliwa Nkunga, lakini utoto wangu ninaoukumbuka vizuri ni wa Ibighi, pale mjini Tukuyu, katika chumba kimoja na jiko nyuma ya nyumba ya mtu mwingine. Baba yangu, Ambakisye, alikuwa mwangalizi wa nyumba hiyo. Alikata majani, akapaka rangi geti, akawasha taa za nje jioni na kuzizima asubuhi, na kwa kazi hiyo tulipewa kile chumba. Kutoka hapo hadi shuleni kwangu nilikuwa natembea kwa dakika kumi tu. Mama aliuza maziwa mgando barabarani. Hatukuwa na shida ya kutisha, na hilo naliona sasa, kwa sababu wakati ule nilidhani watu wote wanaishi hivyo.

Mwenye nyumba tulimwita Bosi. Watoto wa mtaani walimwita Bwana Bwawa, na hawakumwonea. Alizaliwa Igogwe, akasoma huku huku kwetu, kisha akaenda Dar es Salaam akiwa kijana na mambo yakamnyookea. Mama alimkumbuka akiwa mvulana wa kukimbilia shule pekupeku asubuhi za mwezi wa saba, magoti yamepauka, mikono ameificha kwapani. Alipopata uwezo akarudi kujenga, na nyuma ya nyumba, mahali ambapo mtu mwenye akili zake angepanda migomba, akachimba bwawa la kuogelea. Likawekewa vigae vya bluu, na ngazi ya chuma, na taa chini ya maji. Bibi yangu alipokuja kutoka Nkunga kulitazama alizunguka mara mbili, mikono nyuma, akauliza samaki wako wapi. Baba akamweleza kwamba hili si bwawa la samaki, watu ndio wanaoingia humo. Bibi akauliza wanaingia kutafuta nini.

Nyinyi ambao hamjafika Tukuyu niwaambie kidogo. Kwetu mvua hainyeshi, inahamia. Inaingia mwezi wa kumi na moja na kuondoka inapotaka, na ikishaondoka, ikiwa ni mwezi wa sita, inaacha ukungu na baridi kwenye zamu. Nguo zinalala kambani siku tatu na bado unazivaa na unyevu. Mlima Rungwe unaweza kupotea wiki nzima, na watu hawauulizii. Bwawa lililo wazi katika hali kama hiyo ni kazi isiyoisha. Majani ya mkaratusi wa jirani yalimwagikia humo, na maua ya parachichi, na vyura waliokuwa na maoni yao. Baba alisimama ukingoni kila asubuhi na wavu wenye mpini mrefu, anavua takataka kwa uvumilivu ambao mimi, niseme ukweli, sikuurithi.

Mwaka wa pili Bosi alipiga simu akasema bwawa litafutiwe kifuniko. Baba alilichukulia jambo hilo kwa uzito kama anayetafuta bati la nyumba yake mwenyewe. Kwanza alijaribu nailoni nyeusi, ile ya kitalu cha miche, akaikandamiza pembeni kwa mawe. Ilikaa siku nne. Siku ya tano upepo uliibeba ukaenda kuivika migomba ya jirani, na jirani akaja kutuuliza kama tuna mgeni. Ndipo Baba akanichukua tukaenda sokoni kwa Mzee Shabani, fundi aliyeshona maturubai ya malori. Alikuwa mzee mwembamba mwenye kofia nyeupe na sindano ndefu kama kidole changu, na alikuwa na heshima ya kumuuliza mteja maswali kabla hajagusa futi kamba.

Mzee Shabani alikuja mwenyewe Ibighi kulipima bwawa. Nakumbuka alivyochuchumaa, akaangalia ukingo, akaangalia mbingu, halafu akampa Baba somo ambalo mimi nililisikiliza kwa masikio yote mawili. Alisema turubai lolote likilazwa bapa juu ya maji, huku kwetu litajaa mvua, na mvua ikituama juu yake itakuwa nzito, italivuta katikati mpaka lizame au lichanike. Alisema liwe na vitundu vya chuma pembeni kila hatua moja, kamba zipite humo, na katikati lipewe mgongo wa mianzi kama paa ili maji yateremke pande zote mbili. Akaongeza kwamba lisikunjwe likiwa bichi hata siku moja, kwa sababu litaota kuvu, na lisiwekwe stoo pamoja na mahindi, kwa sababu panya hawatofautishi. Baba alirudia kila neno kwa sauti ya chini ili lisimtoke.

Alipompigia Bosi kumweleza, Bosi alicheka. Alisema hawezi kuvisha bwawa lake gunia la lori. Angenunua kifuniko chenyewe huko huko Dar, kilichotengenezwa na wataalamu wa mabwawa, na kitakuja na maelezo yake. Mwezi wa tano mwishoni kikaja kwa basi, kimefungwa kwenye boksi. Tulikifungulia barazani. Ndiyo ile harufu ninayoisema. Lilikuwa turubai la bluu, zito, zuri, siwezi kulisingizia, na katika mfuko mdogo wa plastiki kulikuwa na karatasi imekunjwa mara nne. Baba akapiga simu tena, akauliza afanyeje. Nilisikia sauti ya Bosi ikitoka kwenye ile simu ndogo mpaka nje: fuata karatasi.

Karatasi ilikuwa ya Kiingereza. Baba aliishia darasa la nne, na Kiswahili chenyewe alikizungumza kwa ulimi wa Kinyakyusa usio na nafasi ya herufi r. Mimi nilikuwa darasa la tano, na katika Kiingereza nilikuwa wa kwanza, jambo ambalo nilihakikisha kila mtu wa Ibighi analijua. Kwa hiyo Baba aliketi kwenye kigoda, akafuta mikono kwenye suruali kana kwamba yeye ndiye atakayeishika karatasi, akasema, "Haya mwanangu, kalatasi inasemaje?"

Juu kulikuwa na picha ya nyumba yenye bwawa limefunikwa turubai kama letu, na kila kitu kimejaa weupe, paa, miti, turubai. Baba akasema hiyo ni mvua ya mawe, tena kubwa, na akasikitika kwa ajili ya mahindi ya watu hao. Kisha nikaanza kusoma. Niliyoyajua niliyasoma kwa mbwembwe, nisiyoyajua niliyatafuta kwenye kamusi ya shule. Neno lililorudi rudi lilikuwa "winter". Kamusi ikaniambia ni majira ya baridi. Sawasawa kabisa. Karatasi ilisema bwawa lifunikwe majira ya baridi, na ikataja na miezi yenyewe: Novemba hadi Machi.

Hapo nilisimama. Novemba hadi Machi? Novemba kwetu watu wanapanda mahindi huku wamevua mashati. Desemba jua likitoka kati ya mvua mbili linachoma. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa nimeishi miaka yote kumi na moja nikitetemeka mwezi wa sita, wa saba na wa nane. Nikajua mara moja kwamba waliochapa karatasi wamekosea. Sikushangaa sana, maana hata vitabu vyetu vya shule vilikuwa na makosa na mwalimu alituambia tuyasahihishe kwa penseli. Basi nami nikasahihisha. Baba aliponiuliza, "Lini sasa?" nilimjibu bila kupepesa macho kwamba karatasi inasema kuanzia mwezi wa sita mpaka wa nane. Baba alitazama karatasi, akanitazama mimi, akasema haya, na kesho yake akaenda kukata mianzi.

Juni ile ilikuwa tamu. Baba alifunga mianzi kama Mzee Shabani alivyomfundisha, mmoja mrefu katikati umeinuliwa ncha zake mbili juu ya miguu iliyopishana ukingoni, mingine imelazwa kuushikilia, halafu tukavuta turubai juu yake mimi upande huu na yeye upande ule. Kamba zikapita kwenye vitundu, viroba vya mchanga vikakaa pembezoni. Kila asubuhi kabla ya shule kazi yangu ilikuwa kuzunguka na ufagio kusukuma majani na matone, na kuvikagua vitundu kimoja kimoja kama kuna kilicholegea. Siku moja moja Baba aliinua kona nikapenyeza mkono. Maji yalikuwa baridi, lakini si baridi ya nje. Yalikuwa safi mpaka unaona vigae vya chini. Baba alipenda sana kutazama vile vigae.

Bosi akaja mwezi wa saba. Hakuja peke yake, alikuja na wakwe zake kutoka Dar, baba mkwe wake mwenyewe na ndugu zake wengine wanne, kuwaonyesha kwao. Walikuja na magari mawili, wamevaa fulana za mikono mifupi, na jua tulikuwa hatujaliona wiki nzima. Baba aliwapokea getini. Kwa kawaida Bosi alimwita kaka, kwa sababu walikuwa rika moja, na siku hiyo pia alianza na kaka. Mama alipiga magoti kidogo akasema, "Mugonile," na yule baba mkwe, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuchekesha, akajaribu kuitikia akashindwa, wote wakacheka. Nilimpenda. Sina ugomvi na mzee yule hata sasa.

Kisha wakazunguka nyuma ya nyumba. Bosi alikuwa mbele, anawaeleza kuhusu bwawa lake, na alipoliona akanyamaza katikati ya sentensi. Baba mkwe akauliza kwa wema tu kama pale ndipo wanapofuga kuku. Mtu mmoja akacheka. Nadhani mambo yote yaliharibikia kwenye kicheko hicho. Bosi akaagiza turubai litolewe hapo hapo, na Baba akalitoa, akafungua kila kamba kwa utaratibu wake, akaishusha mianzi, na maji yakaonekana, ya bluu na ya wazi kiasi kwamba wageni walisema aah. Baba akamwambia Bosi kwa sauti ya chini kwamba maji ni ya baridi sana msimu huu, wageni wangetazama tu. Bosi akasema wageni hawakutoka Dar kuja kutazama.

Baba mkwe aliingia kwa kuruka. Niliona mwili wote ukipotea, niliona kichwa kikirudi juu mdomo umefunguka bila sauti, na niliona mtu mzima akitafuta ngazi kwa mikono kama kipofu. Walimvuta wawili. Akakaa kwenye vigae anatetemeka mpaka meno yanagonga, midomo imebadilika rangi, mguu mmoja umekakamaa hautaki kukunjika. Mama akakimbilia blanketi letu, lile lile moja zuri, akamfunika nalo. Mzee alipopata pumzi alisema kitu kimoja tu, kwamba mkwe wake alitaka kumwua. Alikuwa anatania, au alikuwa anatania nusu. Ndugu zake wakaangua kicheko kwa mara ya pili, na safari hii Bosi alikuwa amesimama katikati yake.

Sasa mnisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mtu yule alikuwa ameaibika mbele ya wakwe, naelewa. Lakini alichokifanya ni kumgeukia baba yangu na kusema kwamba maji yamekuwa baridi kwa sababu yamefunikwa. Yangeachwa wazi, alisema, jua lingeyapasha. Jua gani? Alisema hivyo amesimama kwenye ukungu mzito kiasi kwamba geti halikuonekana, mvuke unamtoka mdomoni kwa kila neno. Akaingia ndani ya gari, akatoka na karatasi nyingine, nakala ya ile ile, kumbe alikuwa nayo, akaifungua mbele ya watu wote na kuipiga piga kwa kidole. Akasoma kwa Kiingereza, kisha akatafsiri kwa sauti ya mwalimu mkali: kifuniko ni Novemba hadi Machi. Nani kakuambia uweke mwezi wa sita? Na neno kaka lilikuwa limekwisha. Sasa ilikuwa wewe.

Majirani walikuwa wameshajaa kwenye uzio. Mzee Shabani hakuwepo, laiti angekuwepo. Mimi nilikuwa kando ya Mama, na swali lile lilikuwa na jibu, na jibu lilikuwa mimi. Nitasema. Ndivyo nilivyoamua, naapa, nilikuwa nimeamua. Nilifungua mdomo na kupiga hatua moja mbele.

"Sekela," Baba akasema, bila kunitazama. "Wapelekee wageni chai."

Nikabaki nimesimama. Akarudia, na safari hii kwa Kinyakyusa, kwa sauti ambayo hakuwahi kuitumia kwangu kabla ya siku hiyo. Nikaenda jikoni. Nilikuwa bado nachota maji kwenye sufuria niliposikia, kupitia dirisha lisilo na kioo, Baba akisema, "Nilikosea mimi, bosi." Na Bosi akamjibu kwamba yeye ni mzembe, mzembe asiyejua kusoma, na nyumba kama hii haiwezi kuangaliwa na mzembe. Akampa siku tatu tuondoke. Nilipotoka na birika na vikombe, kila mtu alikuwa akitazama chini isipokuwa wageni wawili waliotazama simu zao. Baba mkwe alichukua kikombe kwa mikono miwili, akaniambia asante, binti. Hakusema neno jingine, na hilo pia nalikumbuka.

Mama ndiye aliyesema ya kusemwa, lakini aliyasemea chumbani, kwa Kinyakyusa, mlango umefungwa. Alimtaja Bosi na magoti yake yaliyopauka, akataja mpaka njia aliyokuwa akipita kwenda shule. Nilisubiri Baba naye aseme. Nilitaka atoke nje akamwulize mtu yule kama amesahau baridi ya kwao, kama miguu yake imesahau. Nilitaka hata apige ukuta ngumi. Badala yake Baba alitumia siku zile tatu kulishughulikia turubai.

Siku ya kwanza alilitandaza kwenye majani, akalisugua kwa brashi laini na sabuni ya unga, upande mmoja, kisha upande wa pili. Siku ya pili alilitundika kwenye kamba na kulihamisha hamisha kila upepo ulipobadilika, maana jua halikuwepo. Siku ya tatu lilipokauka aliniita tulikunje. Nilikuja nimevimba uso. Tulisogeleana na kuachana, kona kwa kona, na katikati ya zoezi nikashindwa, nikaachia upande wangu likaanguka kwenye matope, nikapiga teke ndoo ya sabuni. Nilimwambia kitu ambacho sijawahi kukiandika mahali popote. Nilimwambia kwamba yeye ni mwoga. Baba aliinama, akaokota kona niliyoiangusha, akaipangusa matope kwa mkono wa shati lake. Akasema kwamba turubai halijatukosea kitu. Halafu akangoja mpaka nilipoishika tena kona yangu.

Tukarudi Nkunga kwa Bibi. Nikahamia shule ya huko, ambako sikuwa na wa kushindana naye kwa Kiingereza na nikapoteza hamu kwa muda. Baba alilima viazi na ndizi, akakomaa mikono, akazeeka mapema kidogo. Bwawa la Ibighi, nilisikia, lilipata mwangalizi mwingine, likafunikwa Novemba, turubai limelazwa bapa kama karatasi ilivyoagiza, na masika ya mwaka uliofuata likachanika katikati kwa uzito wa maji. Natamani niseme kwamba habari hiyo haikunifurahisha. Ilinifurahisha sana. Hasira yangu kwa Bosi niliilea vizuri miaka yote hiyo, lakini nilikuwa na nyingine ndogo, ya siri, kwa baba yangu, na hiyo niliilisha zaidi. Kila alipokubali jambo kwa upole, kila alipomwachia mtu nafasi kwenye foleni, nilijiambia ndivyo alivyo. Kuhusu miezi niliyoibadilisha sikumwambia mtu.

Basi wiki ile ile ya matofali, Baba akaja kutusalimia na mkungu wa ndizi za kupika. Tulikaa uani, mimi na yeye, tunamenya kwa ajili ya mbalaga, chakula chetu cha ndizi. Aliliona turubai jipya, akanyanyua nyusi, akaniuliza kwa utani kama nalo limekuja na kalatasi. Sijui ni ile harufu au ni kicheko chake. Nikaweka kisu chini.

"Tata," nikasema, "ile karatasi ya Bosi. Miezi niliibadilisha mimi."

Aliendelea kumenya. "Najua."

Nikamwambia hawezi kuwa alijua, karatasi ilikuwa ya Kiingereza mwanzo mpaka mwisho.

"Namba ni namba, mwanangu. Palikuwa na kumi na moja, palikuwa na tatu, chini ya ile picha. Wewe ukanisomea sita na nane."

Nilimuuliza kwa nini basi alifuata ya kwangu. Akanitazama kwa mshangao wa kweli, kana kwamba nimemuuliza kwa nini mtu hujifunika shuka akilala. Akasema kwa sababu balidi ni mwezi wa sita. Mtoto alikuwa amesema kweli na kalatasi imesema uongo, sasa yeye afuate ipi? Nikamuuliza kwa nini hakumwambia hivyo Bosi. Akasema Bosi alikuwa anajua. Mtu wa Igogwe huwezi kumfundisha mwezi wa saba.

Mwisho nikamuuliza kuhusu chai ile, kwa nini alinituma. Alimaliza kwanza ndizi iliyokuwa mkononi. Akasema aliona nimeshafungua mdomo. Akasema neno lile, mzembe, lilikuwa tayari liko mdomoni mwa Bosi, lilikuwa linatafuta mtu wa kumwangukia, na mimi nilikuwa wa kwanza darasani. Yeye alikuwa mtu mzima, alisema, lingempitia tu.

Halikumpitia. Mimi najua. Kule Nkunga waumini walipotaka awe mzee wa kanisa alikataa, akawaambia watafute mtu anayejua kusoma vizuri, asiyekosea kosea. Nilikuwa kwenye benchi la nyuma nikimsikiliza, na nilimwonea aibu. Nilipewa zaidi ya miaka ishirini ya kusimama mahali popote na kusema ni mimi niliyesoma, na nilisoma sawasawa, na sikusema. Kwa Bosi bado sina huruma, sitaki hata kuombewa niwe nayo. Lakini siku hizi nikikosa usingizi simfikirii yeye. Namfikiria Baba, aliyejua miaka yote hiyo kwamba binti yake anamwona mwoga, akaniacha nimwone hivyo, ilimradi lile neno lisiwe langu.